Baraka ya Mkia

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, zamani ambayo hata babu yenu haijui kwa kuwa yeye husinzia kabla hadithi haijaanza, wanyama walikuwa na nchi, nchi zilikuwa na wafalme, na wafalme walikuwa na matumbo. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye muwa, tafuna polepole, nisije nikashindana nawe.

Palikuwa na jabali kubwa jeusi, na chini ya jabali hilo palitoka chemchemi. Maji yake yalikuwa baridi na maangavu. Yakishateremka kidogo yaligonga mwamba yakagawanyika mikono miwili. Mkono mmoja ulikwenda Nchi ya Matete, iliyotawaliwa na Mfalme Kiboko. Mkono wa pili ulikwenda Nchi ya Mchanga, iliyotawaliwa na Bibi Ndovu. Chemchemi ni moja, jua ni moja, mvua ni moja. Ukisimama juu ya jabali ukatema mate, hujui yataangukia nchi gani.

Lakini katika Nchi ya Matete watoto walikuwa wakifa. Walianza kwa kushika tumbo, wakaharisha, macho yakaingia ndani, na siku si nyingi mama zao wakawa wanachimba kaburi dogo. Ng'ambo pale, katika Nchi ya Mchanga, watoto walinenepa na kusumbua watu kama mnavyonisumbua nyinyi.

Juu ya jabali, upande wa Kiboko, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia, ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyepunguzwa masikio. Mama huyu alikwisha kuzika watoto watatu. Alipompata wa nne alimwita Mtupeni, kama walivyofanya wazee, ili kifo kikija kikasikia jina hilo kidhani ni mtoto asiyetakiwa na mtu, kipite zake. Lakini kifo cha Nchi ya Matete hakikuwa na habari na majina. Mvua za vuli zilipokatika, Mtupeni naye akaanza kushika tumbo.

Sasa niwaambie desturi ya nchi ile, na asicheke mtu.

Kila asubuhi Mfalme Kiboko aliingia katika bwawa la juu, lile lililo jirani na chemchemi. Bwawa hilo ndilo lililokuwa kiti chake cha enzi. Raia wote walijipanga ukingoni, chini yake kidogo, mama na watoto mbele. Korongo, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa nchi na mshauri wa mfalme, alisimama kwa mguu mmoja akatangaza, "Baraka inakuja."

Kiboko akageuka, akawapa mgongo, akainua mkia, na basi, mnajua kiboko anavyofanya haja yake. Mkia ukaenda huku ukaja huku, pwa! pwa! pwa! Kila kitu kikatawanyika majini. Maji yakageuka rangi ya uji wa ulezi, yakateremka hadi ukingoni, na raia wakapiga magoti wakanywa. Mama Ngiri, mwenye sauti kubwa kuliko wote, aliwasukuma wenzake kwa viwiko ili wanawe wapate ya kwanza.

Nimesema asicheke mtu. Mababu zao walibarikiwa hivyo, na mababu wa mababu zao. Kitu cha kurithi hakinuki puani mwa mrithi.

Bi Pimbi hakuwa na akili kuwashinda wenzake. Alikuwa na jabali tu. Kutoka kule juu aliiona mikono yote miwili ya mto, na aliona kwamba kule kwa Bibi Ndovu wadogo hunywa kwanza, tena juu, na Bibi mwenyewe hunywa mwisho, akaoga chini kabisa, mahali ambapo maji yakishapita hayamrudii mtu. Aliona, akajumlisha, akapata jibu.

Lakini jibu lenyewe utamwambia nani? Digidigi aliwahi kumwambia mfalme kwamba baraka yake inanuka, na hadi leo hatujui alizikwa wapi. Kuhama nako hakukuwezekana, kwa sababu Kiboko alilala kivukoni mchana kutwa, na aliyejaribu kuvuka alikanyagwa. Bi Pimbi akawa anakaa na mtoto wake kifuani, anamsikia akipungua uzito, na anatafuta njia.

Njia ilikuja yenyewe. Watu wa Matete walianza kunong'ona. Habari zilivuka mto hata kama watu hawakuvuka, na mnong'ono ulikuwa mmoja: mbona kwa Ndovu hawazikani?

Kiboko akapata habari, akataka kumkanyaga mtu. Korongo akamzuia.

"Mfalme wangu, mnong'ono hauzimwi kwa teke," alisema. "Unazimwa kwa mjadala. Tumwalike Bibi Ndovu. Mada iwe hii: je, mtawala anahusika na afya ya raia wake? Nami nitahakikisha jibu linakuwa hapana."

"Na likiwa ndiyo?"

"Ndipo umkanyage mtu."

Kiboko akaona ni shauri jema. Siku ya baraza wanyama wa nchi zote mbili wakajaa pomoni pale mto unapogawanyika. Bibi Ndovu akaja taratibu, akaamkiwa, akaitika, akakaa. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akasafisha koo.

"Ndugu zangu," akaanza, "maradhi ni mambo ya upepo. Upepo mbaya ukivuma, tumbo huuma. Mfalme hana amri juu ya upepo."

"Upepo huohuo unapita kwangu, Maalimu," alisema Bibi Ndovu. "Juzi umening'olea mti."

Korongo akabadilisha mguu. "Basi ni damu. Watu wa Matete wamezaliwa na damu nyepesi."

"Ngiri wa kwangu na ngiri wa kwako ni mtu na dada yake."

Korongo akabadilisha mguu. "Basi ni chakula."

"Nyasi zimeota kote kwa mvua moja."

Korongo akatazama mguu wa kubadilisha, akakuta ni uleule wa mwanzo. "Basi ni kudra," alisema, akakaa.

Bibi Ndovu hakumcheka. "Kudra ipo," alisema. "Lakini kudra haiangalii mpaka uko wapi."

Watu wakaanza kunong'ona tena, na safari hii hawakujificha. Hapo Kiboko akainuka, matope yakimdondoka, pu, pu, pu.

"Mnanichosha," alisema. "Mimi si mganga, mimi ni mfalme. Tumbo la mtoto wa Ngiri na kiti changu vina undugu gani? Nikae mimi, akae mwingine, wa kuugua ataugua na wa kufa atakufa. Nimesema mbele ya nchi mbili, na mimi sili matapishi yangu."

Kisha sauti ndogo ikatoka nyuma, karibu na ardhi.

"Shikamoo, Mfalme. Naomba na mimi niseme."

Alikuwa Bi Pimbi. Mtupeni alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande.

"Marahaba," alisema Kiboko, na jicho likawa jekundu. "Umekuja kunilaumu."

"Nikulaumu kwa lipi, baba? Nimekuja kukutetea."

Watu wakageuka. Mama Ngiri akafungua mdomo, akasahau kuufunga.

"Mimi nimezika watatu," alisema Bi Pimbi, "na wa nne ndiye huyu mnayemwona. Kama kungekuwa na wa kulaumiwa, ningekuwa wa kwanza kumtaja. Lakini Mfalme amesema kweli. Akae yeye, akae mwingine, wa kuugua ataugua. Ndivyo ulivyosema, baba?"

"Ndivyo."

"Shida ni hii. Watu wataondoka hapa wakisema Mfalme ameshinda kwa sababu ana meno. Ulimi hauna mfupa. Mimi ningependa washuhudie kwa macho yao, ili asitokee tena wa kukusema mpaka mwisho wa dunia."

Kiboko alipenda sana maneno ya mpaka mwisho wa dunia. "Washuhudie vipi?"

"Weka kitini kwako mtu asiyefaa kabisa. Mdogo, mjinga, asiyeweza lolote. Akae tangu mwezi huu unaoandama leo mpaka uandame mwingine. Wagonjwa wakiwa ni walewale, basi umeshinda, maana wataona kwamba mtawala bora na mtawala hovyo ni mamoja."

"Na mtu hovyo kiasi hicho tutampata wapi?"

Bi Pimbi akajitazama miguu, akajitazama nyuma pasipo na mkia, akamtazama mfalme.

"Baba," alisema, "mbona unatafuta mbali?"

Watu wakacheka. Kiboko akacheka kuliko wote, tumbo likatikisika, vyura wakaruka majini chubwi, chubwi. Korongo peke yake hakucheka.

"Mfalme, ngoja kwanza tulifikirie," alisema.

"Wewe nyamaza," alisema Kiboko. "Umeniaibisha kwa Ndovu mpaka miguu imekuishia. Mama huyu kanishindia kwa pumzi moja. Nimekubali. Haya, Pimbi, mimi nitapumzika wapi mwezi huo?"

"Bwawa la chini, baba, pale chini ya ukingo wa kunywea. Lazima uwe shahidi. Utawaona wakija kunywa, utawaona wakishika matumbo, asije mtu akasema nimeficha wagonjwa."

Maji yakishapita bwawa lile, wajukuu zangu, huko chini hakuna anayeishi. Ni matope na matete, na matete hayaumwi tumbo. Bibi Ndovu alilijua hilo. Alimtazama Bi Pimbi kwa kitambo, kisha akajikuna sikio kwa mkonga ili watu wasione anavyotabasamu.

"Nami nitarudi mwezi ukiandama," alisema, "tutoe hukumu."

Kesho yake asubuhi raia wakajipanga kama kawaida. Bi Pimbi alikuwa amekaa juu ya jiwe, kando ya bwawa la juu. Bwawa lilikuwa tupu. Korongo, kwa mazoea, akasema, "Baraka inakuja," akangoja, na haikuja.

"Baraka iko wapi?" aliuliza Mama Ngiri.

"Dada yangu," alisema Bi Pimbi, "mimi mkia sina."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la hofu. Bi Pimbi akawaambia hakuna atakayeingia bwawa la juu mwezi mzima, kwa kuwa yeye anaogopa maji na hataki kuona mtu akizama katika zamu yake. Kisha akasema jambo la pili.

"Sisi pimbi tuna ujinga wetu mwingine. Tuna mahali pamoja pa kwendea haja, nyuma ya jabali, mbali na tunapokula na mbali na maji. Hata mtoto mchanga akishatambaa anapajua. Nimezoea hivyo, na sitaweza kutawala nikiona watu wanajisaidia ukingoni. Nendeni wote nyuma ya jabali."

"Mbali kote huko?" alisema Mama Ngiri. "Na mvua ikinyesha?"

"Mlinipa kiti kwa ajili ya ujinga wangu. Nivumilieni, ni mwezi mmoja tu."

Wakavumilia huku wakimsema. Nyati alisema hajawahi kutembea umbali ule hata kwa harusi ya mwanawe.

Mngependa niwaambie kwamba kesho yake watoto walipona. Hawakupona. Uchafu wa miaka ulikuwa umelala sakafuni mwa bwawa la juu, na maji yalipita juu yake yakitoka na rangi ileile. Mtupeni alizidi. Aliacha kunyonya, akaacha kulia, na kulia ndiko kulikokuwa kumempa mama yake moyo. Bi Pimbi alikaa juu ya jiwe la kifalme akimlowesha midomo kwa ncha ya jani.

Mama Ngiri alipita pale, akasimama.

"Unaona," alisema. "Umeikata baraka, na wa kwanza kulipa ni mwanao. Mimi nami nina mmoja anayetapika toka jana. Akifa nitakuja kwako, si kwa Mfalme."

Bi Pimbi alikuwa na hofu, niwaambieni ukweli, hofu ya kumkausha mtu mate. Aliwaza: kama ni upepo kweli? Kama ni damu? Kama nimemdanganya Kiboko na kumbe nimejidanganya mwenyewe? Mtu mwerevu akipanga hila, wenzake humwona anacheka. Hawamwoni anapokaa peke yake akihesabu pumzi za mtoto.

Lakini maji hayana uvivu. Yalisukuma leo, yakasukuma kesho, yakachukua kidogo kidogo. Asubuhi moja Bi Pimbi alichungulia bwawani akaona mawe ya chini, moja moja, na kaa mwekundu akipita kati yake. Hakuwahi kujua kwamba bwawa lile lina mawe. Akachota kwa jani, akamnywesha Mtupeni. Akachota tena.

Siku mbili zikapita hivyo. Ya tatu, jua lilipochomoza, Mtupeni akafumbua macho.

"Mama," alisema, "kuna nini cha kula?"

Bi Pimbi akageukia jabali ili mtoto asimwone analia. Kisha akaenda kumtafutia majani laini, na akampa kidogo kidogo, maana tumbo lililolala haliamshwi kwa fujo.

Mwana wa Mama Ngiri naye aliacha kutapika. Wakafuata wengine. Hakuna aliyelisema kwa sauti, kwa sababu watu waliozoea msiba huogopa kuitaja heri, isije ikasikia ikaondoka.

Kule bwawa la chini Mfalme Kiboko alikuwa hana raha. Si kwa ubaya, msije mkafikiri hivyo. Aliamini baraka yake kwa moyo wote. Kila asubuhi aliinua mkia, pwa, pwa, na nyuma yake palikuwa na matete tu, hakuna wa kupiga magoti.

Korongo akamfuata. "Mfalme, nina wasiwasi. Sijasikia kilio cha msiba muda sasa."

"Wamechoka kulia."

"Mfalme, watoto wanacheza."

Kiboko akawaza, na kuwaza kwake kulichukua muda, maana kichwa ni kikubwa na njia za mle ni ndefu. "Wananikosa," alisema mwishowe. "Wanacheza kwa huzuni. Nitapanda niwabariki mara moja tu, kisha nishuke."

Akatoka majini, akapanda, kishindo chake tu! tu! tu! mpaka mawe madogo yakawa yanateremka jabalini. Bi Pimbi akamwona anakuja. Mtupeni alikuwa palepale ukingoni, amesimama kwa miguu yake kwa siku ya pili, anachezea maji. Mama akaishika sauti.

"Karibu, baba. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kubariki. Mkia unaniwasha."

"Vyema sana," alisema Bi Pimbi. "Ila nikuulize, kwa sababu mimi mjinga. Ukibariki, hawa watoto watakuwa na afya, au hawatakuwa?"

"Baraka yangu? Watakuwa na afya kama ndama."

"Basi umeshindwa mjadala."

Kiboko akasimama, mguu mmoja tayari majini. "Nimeshindwaje?"

"Wakiwa wazima baada ya wewe kubariki, watu watasema: kumbe aliye kitini anahusika na afya. Bibi Ndovu atalisikia, na wewe uliapa kwamba hahusiki. Utakula matapishi yako mbele ya nchi mbili."

"Na wakiugua baada ya kubariki?"

"Hapo watasema baraka yako haina kazi. Mimi nisingependa wakuseme hivyo, baba. Mwezi umebaki ukucha tu. Vumilia."

Kiboko akautazama mguu wake, akautazama mkia wake. Taratibu akautoa mguu majini. Korongo alikuwa amesimama jirani, na sura yake ilionyesha kwamba amekwisha kuelewa kila kitu. Akafungua mdomo aseme. Lakini maji yalikuwa maangavu, na samaki aliyenona alikuwa anapita mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kuliona katika maji ya baraka. Akaufunga mdomo, na samaki akiwa ndani yake. Wasomi wengi, wajukuu zangu, huacha kusema kwa sababu hiyohiyo.

Mwezi ukaandama. Bibi Ndovu akaja na watu wake, Kiboko akapanda kutoka chini, baraza likakaa.

"Nileteeni wagonjwa," alisema Bibi Ndovu.

Hakuletwa mtu. Mwana wa Nyati alikuwa anateleza juu ya mguu wa Bibi Ndovu, na wengine wamepanga foleni nyuma yake wakisubiri zamu.

"Mwezi huu amezikwa mtoto wa nani?"

Hakutajwa hata mmoja.

"Na mwezi uliotangulia?"

Akina mama wakaanza kutaja. Mmoja alitaja jina, akafuata mwingine, halafu mwingine. Mama Ngiri alitaja mawili. Walipomaliza, hata watoto waliokuwa wakiteleza walikuwa wamesimama.

"Ni bahati," alisema Kiboko. "Ni msimu umegeuka. Mnajua misimu ilivyo."

"Inawezekana, baba," alisema Bi Pimbi. "Basi na tuiache bahati iendelee. Wewe ulisema kwamba akae huyu, akae yule, ni mamoja. Kama ni mamoja, huna haja ya kurudi juu. Huko chini kukutoshe."

"Lakini mimi ndiye mfalme."

"Basi sema kwamba aliye kitini anahusika na afya ya watu. Ukisema hivyo nitateremka kwenye jiwe hili sasa hivi, na wewe utapanda. Ila ukishapanda, makaburi yale yatakuwa na mwenyewe."

Kiboko akamtazama Korongo. Korongo akabadilisha mguu, akabadilisha tena.

Mama Ngiri akasogea mbele. Watu wote walidhani atamwombea mfalme arudi, kwa jinsi alivyoipenda baraka kuliko mtu yeyote. Alisimama mbele ya Kiboko, na ile sauti yake kubwa haikuwepo.

"Mfalme," alisema, "mimi niliwasukuma wenzangu ili wanangu wanywe kwanza."

Akarudi kusimama na wanawe.

Kiboko alifungua mdomo wake wote, mnaujua ulivyo mpana, akaufunga. Akageuka, akateremka hadi bwawa la chini, akaingia majini, akazama bu-bu-bu mpaka yakabaki macho na matundu ya pua. Mtu akipita akamtazama, anazamisha na hayo.

Watu wa Nchi ya Matete wakamwomba Bi Pimbi abaki kitini. Alikataa, akasema jiwe lile ni baridi na yeye ana mtoto wa kulea. Atawale yeyote wanayempenda, alisema, ila anywe mwisho na aoge chini. Akampandisha Mtupeni mgongoni, akapanda zake jabalini.

Basi, wajukuu zangu, hadithi imefika mwisho, chukueni hili mkalale nalo: kiongozi akiwaambia hana lake katika maradhi yenu, msibishane naye, mwombeni apishe mwezi mmoja.